Asante kwa Barua Tupu

Wanangu mnaotengeneza barua pepe za ofisi na za mashirika, mtu akiwajibu "tumeipata, asante sana," msifurahi haraka. Muulizeni barua ilisema nini. Mimi sikuuliza, na kwa kutouliza kwangu, mtu aliyenifundisha kazi hii alikosa kumzika dada yake. Huu ni mwaka wa pili tangu nistaafu, niko nyumbani Mbugangari, chai iko mezani, na bado nikifika kwenye sentensi hiyo nasita.

Nitafika huko. Nikianza na huko nitalia tu, na ninyi hamtajifunza chochote.

Kazini waliniita Mama Aline. Nilizaliwa ukimbizini Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu wenzangu walikiita Kiswahili cha redio. Nilifanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara wadogo wanaovuka mpaka kila siku kati yetu na Goma: wauza nyanya, wauza vitenge, akina mama wa viazi kutoka Busasamana. Kila Alhamisi ofisi ilituma barua pepe moja kwa wanachama, kwa jamaa zao wa upande wa pili, kwa shule na parokia. Ilisema saa za kuvuka za wiki ile, karatasi zinazotakiwa na bidhaa zilizozuiwa. Basi.

Najua mnacheka. Mnasema nani anasoma email siku hizi, kila kitu kiko WhatsApp. Ni kweli, na WhatsApp ndiyo iliyotupa kazi. Kule kwenye magrupu mpaka ulifungwa mara tano kwa wiki, na mara zote tano ulikuwa wazi. Watu walibishana mpaka mmoja aseme, "Ngojeni Alhamisi, tuone barua." Barua ikitoka, ubishi uliisha. Heshima hiyo hatukuinunua, ilijengwa na mtu mmoja kwa miaka mingi, na mtu huyo ni Papa Deo.

Papa Deo alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka, na kila sentensi aliianza na "bon," yaani haya basi. Ndiye aliyeanzisha barua ya Alhamisi. Siku niliyofika ofisini nilikuwa nimetoka Kigali kwenye mafunzo ya kutengeneza tovuti, kichwa kimejaa. Nikabuni barua yenye safu tatu, vivuli, herufi za maringo, na menyu inayoshuka ukiigusa. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa bibi harusi. Papa Deo akaifungua kwenye simu, na sikuamini macho yangu: safu zimepandiana, saa za kuvuka zimeingia chini ya kichwa cha viazi, menyu imegeuka orodha ya nukta nyeusi.

"Bon," akasema. "Hii programu ya email inajua kujenga na tofali za zamani tu. Wewe umeleta vioo. Tengeneza jedwali, mama. Jedwali ndani ya jedwali."

Nilishtuka sana. Huko Kigali walitufundisha kwamba kupanga ukurasa kwa majedwali ni ushamba wa zamani ulioisha. Kumbe kwenye barua pepe ushamba huo bado una kazi, na una kazi hadi leo. Tovuti unaitengenezea vivinjari vichache vinavyojisasisha. Barua pepe inafunguliwa na kila aina ya programu, nyingine ya juzi, nyingine imezeeka kuliko ninyi, na kila moja inakata inachotaka. Mapambo ukiyaweka juu kwa pamoja, nyingine inayafuta yote. Kwa hiyo rangi ya mstari unaiandika kwenye mstari wenyewe, ukubwa wa herufi hivyo hivyo, kwa mkono, moja baada ya nyingine, mpaka vidole viume. Upana usizidi pikseli mia sita. Safu moja tu. Herufi ziwe kubwa za kumtosha mama aliyesahau miwani nyumbani. Kitufe usikichore kama picha. Chukua chumba kimoja cha jedwali, kipake rangi, andika maneno ndani, kiwe kipana cha kutosha kidole gumba kilichotoka kushika samaki.

Kuhusu majina, niwaambie aibu yangu, kwa sababu na ninyi mtaipata. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma mahali kwamba msomaji hufurahi barua ikimwita kwa jina. Orodha yetu ya wanachama ilikuwa kama orodha zote za huku, jina la Kinyarwanda mbele kwa herufi kubwa, jina la ubatizo nyuma. Nikaiamuru mashine ichukue neno la kwanza. Alhamisi ile watu wote wakapokea "Mpendwa HABYARIMFURA," "Mpendwa NYIRANSABA," kavu hivyo, kwa herufi kubwa. Sasa hapa kwetu ukiitwa hivyo ama uko hospitali ama uko mahakamani. Ijumaa asubuhi mzee mmoja kutoka Nyundo akaja ofisini amevaa suti, kitambulisho mkononi, jasho linamtoka, akauliza kwa adabu amefanya kosa gani. Papa Deo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Aline, we umeita muji yote ku tribunal!"

Tangu siku hiyo barua zetu zilianza na "Ndugu zetu," na hakuna aliyelalamika kwamba hatumjui.

Jambo jingine alilonikaripia ni kichwa cha barua, ile sentensi inayoonekana kabla mtu hajafungua. Niliandika "HARAKA!!! SOMA SASA!!!" nikidhani nawasaidia. Nusu ya barua ziliangukia kwenye folda ya takataka, mashine zilidhani nauza dawa za nguvu. Papa Deo akaifuta yote, akaandika "Jumamosi: kuvuka saa kumi na mbili hadi saa tisa." Akanieleza kwamba kuna watu hawatafungua barua kamwe, wana haraka, wana mzigo kichwani. Hao wape kichwa tu, waende na habari yao.

Na kwenye droo yake alikuwa na simu tatu mbovu. Moja kioo kimepasuka, moja skrini haizidi kiberiti, ya tatu ilikuwa na betri ya kufungwa kwa mpira. Barua haikutoka mpaka isomeke kwenye zote tatu, tena akiwa amezima picha. Nilipomuuliza kwa nini azime picha nzuri niliyoihangaikia, alinionyesha ziwa dirishani, na minara ya simu ya Goma pembeni yake. Hapa mpakani simu haina uraia. Ukisogea kidogo tu inakamata mtandao wa upande wa pili, na megabaiti zako zinakwisha kabla hujamaliza kusoma. Kwa hiyo watu wetu wengi wamezima picha kwenye email zao siku nyingi, na hawawashi kwa sababu ya ushirika. Picha kwao ni kiboksi kitupu mpaka waiguse wenyewe na kukubali kulipia. Kila picha ina nafasi ya maneno ya kuonekana badala yake ikikataa kufunguka, na Papa Deo hakuniruhusu kuiacha tupu hata kwa picha ya ua.

Hayo yote niliyajua, wanangu. Niliyajua kuliko jina langu.

Papa Deo akastaafu, akahamia Goma kwa binti yake. Kiti chake nikakaa mimi. Zile simu tatu nikaziweka kwenye katoni, katoni nikaiweka juu ya kabati, kwa sababu sasa ofisi ilikuwa na kompyuta mpya na intaneti ya kasi, na barua nilikuwa naijaribu hapo hapo mezani. Ilipendeza kila mara. Ingeachaje kupendeza kwenye kompyuta iliyoitengeneza?

Kisha akaja Mkurugenzi mpya. Sitamtaja jina, hakuwa mtu mbaya. Wiki yake ya pili mtu asiyejulikana alichukua barua yetu ya Alhamisi, akabadilisha saa, akaisambaza kwenye WhatsApp. Akina mama walisimama mpakani tangu alfajiri na nyanya zao, hakuna kilichofunguka. Mkurugenzi alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Akaniita.

"Mama, tangu leo kila tangazo liwe na sahihi na kashe. Bila kashe, hiyo ni karatasi ya kufungia karanga."

Ninyi mnaijua kashe. Ule muhuri wa bluu wa duara. Hapa kwetu barua ya shule bila kashe si barua, cheti cha ubatizo bila kashe hakijabatiza mtu. Kwa hiyo niliona mantiki. Lakini kashe utaiwekaje kwenye barua pepe? Nikachapa tangazo kwenye karatasi, Mkurugenzi akasaini, akaipiga kashe, puu, nikaiskani, nikaibandika ndani ya barua pepe kama picha moja ndefu kutoka juu hadi chini. Alitaka bluu ionekane vizuri, kwa hiyo picha ikawa nzito. Kichwa cha barua akataka kiwe "Tangazo rasmi la ushirika," wiki zote, kwa heshima.

Ningekuwa mwongo nikisema nilipinga. Nilipenda! Hakuna jedwali, hakuna kupaka rangi mstari kwa mstari. Kazi ya siku nzima ikawa ya robo saa, saa tano niko kwenye chai. Nafasi ya maneno ya picha niliiacha wazi, nikisema nitaijaza wiki ijayo. Chini kabisa, nje ya picha, nikaacha ule mstari mdogo wa kawaida niliouandika mwenyewe zamani: "Unapokea barua hii ili habari za mpaka zisikupite."

Barua za kashe zilipoanza kutoka, majibu yakaja mengi kuliko zamani. "Murakoze cyane." "Merci, bien reçu." "Tumepata, Mungu awabariki." Mkurugenzi alifurahi, akaniambia nichapishe mazuri zaidi, tukayabandika ukutani karibu na mlango. Kitu kimoja kilinikwaruza kidogo. Mashine inayohesabu waliobonyeza viungo vya kwenye barua ilionyesha hakuna mtu anayebonyeza chochote. Nikajiambia watabonyeza nini na karatasi nzima iko mbele yao, ina kashe? Nikafunga ile ripoti. Nilikuwa na ukuta mzima wa asante, nami niliuamini.

Dada yake Papa Deo aliitwa Mama Venansiya, wa Busasamana. Mama yao alifariki Papa Deo akiwa bado ananyonya, na huyu dada ndiye aliyembeba mgongoni akienda shambani, akamlea mpaka akamwoza. Katika tumbo lile walibaki wawili tu. Mama Venansiya akafariki Jumatano. Mazishi yakapangwa Jumamosi saa nane mchana, huko huko Busasamana, na Papa Deo ndiye wa kusema kwa niaba ya familia na kutupa udongo wa kwanza. Aliniambia kwa simu, sauti yake ndogo kama ya mtoto. Alisema jambo moja tu analotaka, amuone kabla hawajamfunika.

Alhamisi ikaja habari kutoka mpakani: Jumamosi kuvuka kwa miguu kutakwisha saa nne asubuhi badala ya jioni. Nilipokuwa naiskani karatasi nilimkumbuka. Nikasema moyoni, afadhali, ataona, atavuka mapema. Nikafikiria nimpigie, kisha nikasema ana wageni wa msiba huko Goma mpaka Ijumaa usiku, nisimsumbue, barua itamfikia. Haikupita nusu saa akanijibu: "Nimepata, murakoze mwanangu." Nikashusha pumzi, nikaenda zangu kwenye chai.

Jumamosi saa saba nilikuwa Busasamana. Watu wamejaa uani, mabenchi ya kanisa yamepangwa, jeneza liko ndani. Papa Deo hayupo. Saa nane hayupo. Mchungaji anatazama mawingu, maana kule karibu na volkano mvua haiombi ruhusa. Mpwa wa Papa Deo, mtoto wa kwanza wa marehemu, akaja tulipokaa.

"Mi nilimupigia simu jana," akasema. "Nikamuambia, mujomba, watu wanasema bariera itafunga saa ine. Akaniambia hizo ni mambo ya WhatsApp. Eti kama ni kweli, barua ya Mama Aline ingesema."

Benchi nzima ikageuka kunitazama.

"Lakini ilisema!" nikasimama. "Ilisema Alhamisi!"

Nikatoa simu yangu, nikafungua barua, nikawapitishia. Saa nne ile pale, kashe ya bluu ile pale. Wakatikisa vichwa. Nikawaonyesha na jibu lake, nimepata, murakoze. Ndipo nikasema neno ambalo ningetoa meno yangu yaliyobaki lirudi mdomoni. Nilisema, mbele ya watu wote wa msiba, kwamba Papa Deo amezeeka, amesoma akasahau.

Nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia.

"Papa Deo, uko wapi?"

"Niko hapa ku bariera. Wanasema kumefungwa tangu asubui. Nimewaomba. Nimewaonyesha ata picha ya dada. Wanasema ni amri, donc hawawezi." Nikasikia watu wakizungumza nyuma yake, pikipiki, mtu akicheka. "Mama Aline, wamuambie mchungaji angoje kidogo."

Mchungaji alingoja kidogo, kisha kidogo tena. Saa tisa na nusu matone yakaanza, wakambeba Mama Venansiya. Mpwa alitupa udongo mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya mjomba. Mimi nilisimama pale nimekasirika. Nimkasirikie nani kama si yule mzee asiyesoma vizuri?

Jumatatu asubuhi akaingia ofisini na koti lake la kijivu. Nilijua atakuja kuomba radhi kwa kusahau, na nilishajiandaa kumsamehe. Tazameni kiburi hicho. Alisalimia, akauliza habari za Aline, akakaa, akatoa simu, akaifungua, akaiweka mbele yangu.

"Nionyeshe pale kumeandikwa saa ine," akasema. "Nimetafuta maneno tangu Jumamosi. Labda ni macho."

Nilitazama. Kioo kilikuwa cheupe. Katikati kiboksi kidogo cha kijivu chenye kona iliyokunjwa, hakina neno. Halafu weupe, weupe, na chini kabisa kwa herufi ndogo: "Unapokea barua hii ili habari za mpaka zisikupite."

"Yebaba we!" nilipiga kelele mpaka mhasibu akatoka chumbani kwake. Nikakaa chini sakafuni, mtu mzima mimi, na nguo ya kazi. Barua niliyoituma wiki zote hizo ilikuwa kiboksi, na maneno pekee yaliyomfikia yalikuwa ya kumhakikishia kwamba hatapitwa.

Nikamwomba aguse kile kiboksi. Picha ikaanza kushuka polepole, jina la ushirika, mstari, mstari mwingine, Jumamosi, saa nne asubuhi. Alisoma yote, akifuata kwa kidole, mpaka kwenye sahihi. Mkurugenzi alikuwa ameingia kwa sababu ya kelele zangu, akainama kuangalia ile simu.

"Lakini kashe si inaonekana?" akasema.

"Inaonekana muzuri, Bwana Mkurugenzi," Papa Deo akamjibu. "Leo."

Kabla sijasahau, niwaambie tulichofanya baadaye, maana wengine wenu mna wakubwa wanaopenda kashe kama yule, na hamtawashinda kwa kubishana. Tangazo liandikwe kwa maneno ndani ya barua, siku na saa juu kabisa, na kwenye kichwa pia. Kashe iwekwe chini, ndogo, nyepesi, kama pambo, na maneno yake mbadala yaandikwe: kashe ya ushirika, sahihi ya Mkurugenzi. Kuzuia waongo, wekeni namba ya ofisi mtu apige aulize. Na kila barua iambatane na nakala ya maneno matupu, isiyo na rangi wala jedwali, kwa simu zisizotaka lolote. Yule Mkurugenzi alikubali yote. Zile simu tatu nilizishusha kutoka juu ya kabati siku ile ile, nikazifuta vumbi kwa kanga yangu.

Lakini Jumatatu ile nilikuwa bado sijaelewa ukubwa wake. Nilitaka kuamini ni simu ya Papa Deo tu. Nikachukua orodha, nikaanza kuwapigia waliobandikwa ukutani, wale wa asante nzuri zaidi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza vitenge.

"Barua ya Alhamisi unaipata?"

"Ile nyeupe? Ee, naipata kila wiki, haikosi."

"Nyeupe?"

"Nyeupe tu, na kasanduku katikati. Nikasema labda ni mutindo ya sasa."

"Sasa mbona unaniandikia asante?"

Akanijibu kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mama Aline, mutu akikukumbuka, hautamushukuru?"

Nikampigia wa pili, wa tatu, katibu wa parokia, mwalimu. Nyeupe. Nyeupe. Katibu alisema aliona ni vibaya kuuliza, labda ofisi ina matatizo, asije akatuaibisha. Mwalimu alisema alidhani kosa ni la simu yake, akaona haya kuonekana hajui. Tumelelewa hivyo sisi watu wa huku. Ukiletewa chakula kilichoungua unakula, unasifu, unaomba maji. Ni tabia njema, siitukani, nami ningefanya vile vile. Kumbe akina mama walikuwa wanavuka kwa kubahatisha, wanaulizana njiani, na jioni wanakaa kunishukuru.

Nilipoweka simu chini Papa Deo alikuwa bado kwenye kiti, kofia magotini. Hakuwa amekunywa chai aliyoletewa. Na hapo ndipo lilinijia jambo ambalo lilipaswa kunijia mapema. Hawa wengine ni wauza vitenge, ni walimu, hawajui kiboksi ni nini. Huyu anajua. Huyu ndiye aliyenifundisha kuzima picha.

"Papa Deo," nikamwambia, "wewe uliona ya kwanza ikija tupu. Ulijua ni nini. Kwa nini hukunipigia?"

Aligeuza kofia mara moja, mara mbili.

"Bon. Ya kwanza nilisema ni kosa, atasahihisha. Ya pili nikashika simu nikupigie. Kisha nikasema hapana. Mi nimeacha kazi, kiti ni ya kwako. Nitarudi kukuambia kazi yako iko mubaya? Nikaona haya, mwanangu." Akaiweka kofia mezani. "Nikajiambia hizi ni picha za salamu tu, kashe na nini, mambo ya wakubwa. Siku kutakuwa habari ya kweli, Mama Aline ataiandika na maneno. Namujua."

Sikuweza kumtazama. Nikamwomba anipe tena ile simu, nione tu. Hakuwa amefuta hata moja. Zilikuwa barua kumi na saba, zote nyeupe, na chini ya kila moja palikuwa na asante yake.